Upepo, Tende na Kofia: Hali ya Hewa na Mwingiliano wa Tamaduni katika Chakula na Mavazi ya Jangwa la Omani

Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kukutana na Omani katika kurasa za historia. Nchi hiyo hutajwa panapojadiliwa kuanguka kwa Ngome ya Yesu mikononi mwa Waomani mwaka 1698, panapozungumziwa utawala wa Sayyid Said, na panapoorodheshwa maneno ya mkopo. Ni nadra itajwe kama nchi yenye jua, mchanga na matumbo yanayohitaji kulishwa. Matokeo yake ni kwamba kanzu, kahawa, halua na tende huchukuliwa kana kwamba vilishuka katika pwani ya Afrika Mashariki vikiwa vimekwisha kukamilika, vya Kiarabu tupu, na kwamba kazi ya Mswahili ilikuwa ni kupokea. Dhana hii imetumiwa, wakati mwingine kwa nia njema kabisa, kuunga mkono hoja kongwe kwamba utamaduni wa Waswahili ni nakala ya utamaduni wa Waarabu.

Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kwa kuanzia ng'ambo ya pili ya bahari. Swali linaloulizwa ni sahili: watu wa jangwa la Omani walipataje kula wanachokula na kuvaa wanachovaa? Aghalabu hutolewa majibu mawili. Wapo wanaoshikilia kwamba jangwa ndilo lililoamua kila kitu, yaani joto lilimvika mtu kanzu na ukame ukamlisha tende. Wapo pia wanaodai kwamba ni biashara na dini ndizo zilizoamua, na kwamba jangwa lilikuwa jukwaa tu. Majibu haya yakitenganishwa hayaelezi mengi, kwa sababu huko Omani hali ya hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa mlango wa mwingiliano.

Nchi kavu, upepo mmoja

Omani iko katika pembe ya kusini-mashariki ya Bara Arabu. Kaskazini imekingwa na safu ya milima ya Hajar, ambayo kilele chake, Jabal Shams, kina kimo cha takriban mita 3,000. Nyuma ya milima hiyo nchi huteremka polepole hadi nyanda za changarawe, na hatimaye hufikia Rub' al-Khali, bahari ya mchanga ambayo Waarabu wenyewe wameipa jina la Robo Tupu. Upande wa mashariki kuna mchanga wa Sharqiya, uliojulikana zamani kwa jina la Wahiba, ambao urefu wake kutoka kaskazini hadi kusini unakaribia kilomita 180. Sehemu kubwa ya nchi hupata mvua ya kiasi cha milimita 100 kwa mwaka, na mvua hiyo haina ahadi. Inaweza kukosekana kwa miaka, kisha ikashuka kwa siku moja na kujaza mabonde kwa gharika. Joto la kiangazi hupita nyuzi 40 kwa urahisi. Mwezi wa Juni mwaka 2018 mji wa Quriyat, ulioko pwani, ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, hata usiku wa manane.

Ikumbukwe hata hivyo kwamba jangwa si joto peke yake. Bara, mbali na unyevu wa bahari, mchanga hupoteza joto lake mara jua linapotua, na usiku wa majira ya baridi humtaka mtu ajifunike sufi. Mavazi ya jangwani basi yana kazi mbili zinazoonekana kupingana, na msomaji atafanya vyema kulikumbuka jambo hili yatakapojadiliwa mavazi.

Tuuangalie upepo, ambao katika maandishi mengi kuhusu majangwa haupewi nafasi yake. Upepo wa kusini-magharibi ambao mabaharia wa Lamu na Mombasa wanauita kusi haukomei pwani ya Afrika. Huendelea hadi Dhofar, kusini mwa Omani, na kati ya Juni na Septemba huifunika milima ya Salalah kwa ukungu na manyunyu mpaka ikawa kijani kibichi. Waomani huuita msimu huo kharif. Ukivuka milima hiyo kuelekea bara, unyevu umekwisha na jangwa linaanza. Kuanzia Novemba hadi Machi upepo hugeuka na kuvuma kutoka kaskazini-mashariki. Hiyo ndiyo kaskazi, iliyosukuma majahazi kutoka Sur na Maskati hadi Mombasa, Unguja na Kilwa kwa karne nyingi. Kwa hivyo hali ya hewa iliyomnyima Mwomani nafaka ndiyo iliyompa chombo cha kuifuata.

Kalenda ya mtende nayo ililingana na kalenda hiyo ya pepo. Tende huvunwa katika miezi ya kiangazi, hukaushwa na kufungwa katika makanda, na zinapokuwa tayari kusafirishwa kaskazi huwa inakaribia. Majahazi yalishuka na tende, chumvi na samaki mkavu, yakasubiri upepo ugeuke, kisha yakapanda na nafaka, samli na boriti za mikoko, kwani jangwa halina miti ya kuezekea nyumba. Mwandishi Alan Villiers alisafiri ndani ya jahazi la Wakuwaiti katika msimu wa mwaka 1938 na 1939 na kuikuta biashara hii ikiwa bado hai, boriti zikikatwa katika mikoko ya delta ya Rufiji.

Chakula: kinachohifadhika na kinachotoka mbali

Maji ya chini ya milima ndiyo msingi wa kilimo cha Omani. Huvutwa kwa mfumo unaoitwa falaj (wingi wake kwa Kiarabu ni aflaj): njia ya maji inayochimbwa chini kwa chini kutoka kisima-mama mlimani, ikiteremka kwa mwinamo mdogo sana mpaka itokeze kijijini. Maji yanayopita chini ya ardhi hayanyweki na jua. Yakifika juu hugawanywa kwa muda wala si kwa kipimo cha ujazo, na kwa jadi zamu zilihesabiwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Zaidi ya aflaj 3,000 bado zinatumika, na tano kati yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Inafaa kutaja kwamba mfumo huu una ndugu yake Uajemi, ujulikanao kama qanat, na wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu nani alimfundisha nani. Hata maji ya kumwagilia mtende, kumbe, yana swali la mwingiliano ndani yake.

Mtende hupenda miguu yake iwe majini na kichwa chake motoni, na hapo Omani inaukidhi kikamilifu. Tende iliyokauka ina sukari nyingi mno, kwa kadiri ya theluthi mbili au zaidi ya uzito wake, na sukari hiyo ndiyo huizuia isioze. Vijidudu vya uozo havipati maji ya kutosha ya kuishi ndani yake. Kwa mtu asiye na jokofu, anayesafiri kwa ngamia siku kadhaa bila kukutana na kisima, chakula kinachojihifadhi chenyewe kina thamani kuliko chakula kitamu. Katika ngome za Omani, mathalani ile ya Nizwa iliyojengwa katika karne ya 17, kuna vyumba vya tende ambavyo sakafu yake ina vifereji vya kukusanyia asali inayodondoka kutoka katika makanda yaliyopangwa moja juu ya jingine. Juu ya milango kuna matundu, na wenyeji husimulia kwamba asali hiyo ilichemshwa na kumwagiwa adui. Ni vigumu kupata mfano bora wa jamii iliyotumia kila sehemu ya chakula chake.

Kando ya wakulima wa aflaj wapo wafugaji. Waharasis wa Jiddat al-Harasis, uwanda wa mawe ulioko katikati ya nchi, waliishi kwa karne nyingi katika eneo lisilo na maji ya juu ya ardhi. Visima vya kudumu vilichimbwa huko katika miaka ya 1950, wakati wa utafutaji wa mafuta. Kabla ya hapo ngamia na mbuzi walikula majani yaliyolowa ukungu wa alfajiri, na watu wakanywa maziwa. Mnyama aligeuzwa kuwa kisima. Maziwa ya ngamia yana vitamini C kwa wingi kuliko ya ng'ombe, jambo lenye maana kubwa mahali pasipo na matunda wala mboga. Msomaji kutoka Marsabit au Mandera hatahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo maziwa na tende haviwezi kumlisha mtu mwaka mzima, na hapo ndipo bahari inapoingia jangwani. Papa hukaushwa kwa chumvi na jua, na huitwa awal. Dagaa huanikwa ufukweni. Vyote viwili vilibebwa bara na wafugaji waliovibadilisha kwa tende na mifugo. Ibn Battuta, aliyefika Dhofar akitokea Kilwa mwanzoni mwa miaka ya 1330, alistaajabu kuona mifugo ikilishwa dagaa, na akaandika pia kwamba chakula kikuu cha watu wa huko kilikuwa mchele ulioletwa kutoka India. Ushahidi huu una uzito. Mchele, ambao leo huonekana kama moyo wa mlo wa Kiarabu, hauwezi kuota katika mchanga wa Omani. Ulikuwa mgeni karne saba zilizopita, na mgeni huyo alikuwa amekwisha kupewa kiti cha mbele.

Mlo unaodhihirisha vizuri zaidi jinsi mambo haya yanavyochangamana ni shuwa, nyama ya sikukuu ya Idi. Mbuzi, kondoo au ng'ombe hupakwa viungo, hufungwa katika majani makavu ya mgomba au ya mtende, hutiwa ndani ya mfuko uliofumwa, kisha hushushwa katika shimo lenye makaa. Shimo hufunikwa kwa udongo lisitoe hata moshi. Nyama hukaa humo kwa siku moja au mbili. Mara nyingi shimo ni la kijiji kizima, na kila nyumba hutia alama mfuko wake. Mbinu hii imeamuliwa na mazingira: kuni ni haba, kwa hivyo moto mmoja huwapikia wengi, na ardhi hulitunza joto bila kuomba kuni zaidi. Lakini kilichopakwa juu ya nyama hakikutoka katika ardhi hiyo. Pilipili manga na iliki asili yake ni India. Pilipili kali zilitoka bara la Amerika na kuenezwa na Wareno. Karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, ililimwa Unguja na Pemba tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na ikapata msukumo mkubwa chini ya Sayyid Said. Aliyekaa kwenye mkeka huko Nizwa akila shuwa, anakula jangwa lililopakwa Bahari ya Hindi.

Ndimu kavu nayo inastahili kusimuliwa, hasa kwa wapenzi wa lugha. Mndimu ulifika Omani kutoka mashariki. Waomani waliuchukua ugeni huo wakautia jua lao: ndimu huchemshwa katika maji ya chumvi na kuanikwa mpaka ziwe nyeusi na nyepesi kama maganda ya mayai. Zikauzwa nje. Waajemi huziita limu ya Omani. Wairaki huziita ndimu ya Basra, kwa kuwa kwao zilipitia bandari ya Basra. Kila mtu amekiita kitu jina la mlango aliokionea. Wanaotegemea jina la kitu kuwa ushahidi wa asili yake wangefaa kuutafakari mfano huu kabla ya kuandika kamusi.

Kuhusu kahawa hapana haja ya kurefusha maneno. Buni ni wa nyanda za juu za Uhabeshi, kinywaji kilikuzwa na masufii wa Yemeni katika karne ya 15, na Omani hukipika na iliki bila sukari, kikaandamana na tende. Uchungu na utamu hukutana mdomoni badala ya kukutana kikombeni. Kahawa tungu inayouzwa katika mitaa ya Mji wa Kale, Mombasa, ikimiminwa kutoka katika dele la shaba, imefuata utaratibu huohuo. Harisi, ngano inayopikwa na nyama na kupondwa mpaka ishikane, huitwa boko boko katika pwani ya Waswahili. Inafurahisha kuona kwamba chakula kiliposafiri jina la Kiarabu lilibaki nyuma na Waswahili wakakibatiza upya.

Mavazi: hewa iliyofungwa ndani ya nguo

Vazi la kila siku la mwanamume wa Omani ni dishdasha, nguo ndefu ifikayo kwenye vifundo vya miguu, isiyo na kola, ambayo Waswahili wangeitambua mara moja kuwa kanzu. Shingoni ina kishada kifupi kiitwacho furakha, kinachochovywa katika marashi. Ndani huvaliwa wizar, kikoi cha Kiomani. Kichwani huvaliwa kofia iitwayo kumma, au hufungwa kilemba kiitwacho mussar.

Mtu asiyelijua jangwa hushangaa: kwa nini watu wa nchi ya joto wajifunike kutoka kichwani hadi miguuni? Sababu ni kwamba ngozi iliyo wazi hupokea jua moja kwa moja, na hewa kavu hukausha jasho upesi. Nguo pana huweka tabaka la hewa kati ya kitambaa na ngozi. Mvaaji anapotembea, nguo hupepea na kuvuta hewa chini na kuitoa juu, kama mivukuto ya mhunzi. Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Shkolnik, Taylor, Finch na Borut, waliolinganisha majoho meusi na meupe yanayovaliwa na Mabedui katika jangwa la Negev. Joho jeusi lilinyonya joto zaidi, lakini joto hilo la ziada lilitoka kabla ya kuifikia ngozi, na mvaaji wa joho jeusi hakupata joto kuliko mwenzake wa joho jeupe.

Matokeo hayo yana funzo kubwa kuliko yanavyoonekana. Iwapo nyeusi na nyeupe ni sawa kwa ngozi, basi jangwa huamua upana wa nguo lakini haliamui rangi. Rangi imeachiwa jamii, biashara na heshima. Kwa hakika, weupe wa dishdasha unaoonekana leo kama sheria ya maumbile haukuwa wa wote zamani. Wanaume na wanawake wengi wa bara walivaa vitambaa vilivyotiwa nili, vilivyopakwa rangi katika miji kama Bahla na Ibri. Barakoa ya wanawake wa kibedui wa Sharqiya, inayoitwa burqa, hutengenezwa kwa kitambaa kigumu chenye mng'ao wa nili ambacho kwa jadi kilitoka India. Inakinga jua na mchanga, ni kweli, lakini umbo lake pia humtambulisha mwanamke na kabila lake. Kuieleza kwa jua pekee ni kumdharau aliyeivaa.

Mussar ni mfano mwingine. Mussar bora hufumwa kwa sufi laini ya Kashmir, eneo la theluji. Sufi hiyo huzuia jua la mchana lisifike kichwani na huzuia joto la kichwa lisitoke usiku, zile kazi mbili zilizodokezwa hapo awali. Nguo ya mlima wa barafu ikawa taji la jangwani.

Vitambaa vya pamba navyo vilitoka mbali. Bafta ilitoka India. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, nguo nzito ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts ilifurika Bahari ya Hindi, na Waswahili wakaipa jina la nchi ilikotoka: marekani. Mwaka 1840 jahazi la Sayyid Said liitwalo Sultana lilitia nanga New York likiwa na tende, kahawa, pembe za ndovu na karafuu.

Kofia iliyorudi

Miongoni mwa mavazi haya, kumma ndiyo inayoipa dhana ya nakala pigo kubwa zaidi. Ni kofia ya kitambaa cheupe iliyotariziwa kwa mkono, yenye vitundu vidogo mno ambavyo kingo zake zimeshonwa kwa uzi. Vitundu hivyo hupitisha hewa, na kwa hivyo mtu angeweza kudhani kwamba kofia hii imebuniwa na jangwa lenyewe. Waomani wenyewe husema kwamba ilitoka Unguja. Ni ndugu wa kofia ya vito inayotariziwa Lamu na Unguja. Ilivuka bahari na wasafiri na familia zilizokuwa na makao pande zote mbili, na kwa kuwa iliifaa hali ya hewa ya huko, ikakaa. Leo ni alama ya taifa: mtu akivaa kumma katika nchi nyingine za Ghuba hutambuliwa mara moja kuwa ni Mwomani. Alama hiyo ya taifa la Kiarabu, basi, ina sindano ya Mswahili ndani yake.

Kumma haikuwa peke yake. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani walio nje warejee, familia nyingi zilizokaa Afrika Mashariki kwa vizazi zilihamia Maskati na miji mingine. Zilikwenda na Kiswahili, kanga, mandazi na mishkaki. Leo mishkak huchomwa kandokando ya barabara za Omani, na wengi wanaoila hawaulizi ilitoka wapi.

Kuna upande wa pili wa mwingiliano huu ambao haupendezi kusimuliwa pamoja na halua na marashi. Tende zilizolimwa katika uwanda wa Batinah na mabonde ya bara hazikujimwagilia. Katika karne ya 19, soko la tende lilipopanuka, aina ya fardh ikipelekwa Marekani na aina ya mabsali, inayochemshwa na kukaushwa, ikipelekwa India, idadi kubwa ya watu waliotekwa Afrika Mashariki walipelekwa Omani kama watumwa kufanya kazi katika mashamba ya mitende. Wengine walipelekwa kupiga mbizi za lulu katika Ghuba. Utumwa ulipigwa marufuku rasmi Omani mwaka 1970 tu. Mwanariwaya wa Omani, Jokha Alharthi, amewapa watu hawa na watoto wao nafasi katika riwaya yake ya mwaka 2010, ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilishinda tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019. Neno "mwingiliano" linalopendwa na wataalamu wa isimu-jamii lina upole ambao historia hii haikuwa nao. Mtafiti anayeandika kwamba tende "zilifika" Mombasa kwa jahazi hana budi kukumbuka kwamba jahazi hilohilo lilirudi na abiria wasiotaka kwenda.

Kwa mtazamo huu, orodha za maneno ya mkopo zinazosomeshwa katika vyuo vyetu zinahitaji kusomwa kwa makini zaidi. Suruali huandikwa kuwa ni neno la Kiarabu, ilhali Kiarabu chenyewe kililitoa Uajemi. Sukari ilipitia Kiajemi kutoka Kisanskriti kabla ya kufika kwa Waarabu. Pilau na sambusa zina nasaba ya Kiajemi. Leso ni ya Wareno. Kuyaita maneno haya yote "ya Kiarabu" au "ya kigeni" ni kuikata safari katikati na kudai kwamba kituo cha mwisho kabla ya Lamu ndicho kilikuwa chanzo. Zaidi ya hayo, orodha hizo huandikwa kwa upande mmoja. Wanafunzi hufundishwa Kiarabu kilichomo katika Kiswahili, na ni wachache wanaoulizwa kutafuta Kiswahili kilichomo katika Kiarabu cha Maskati, ingawa kipo jikoni na kichwani.

Mambo yamebadilika huko kwa kasi tangu mafuta yalipoanza kusafirishwa mwaka 1967. Jokofu limeipokonya tende kazi yake ya zamani. Maji ya bahari husafishwa chumvi na kufika mijini kwa mabomba, na baadhi ya aflaj zimekauka kwa sababu visima vya mashine vimeyateremsha maji ya chini ya ardhi. Mbedui hubeba ngamia wake katika gari la mizigo, na mchele wa basmati humfikia jangwani kwa njia hiyohiyo. Kumma nyingi hutariziwa kwa mashine na kuingizwa kutoka ng'ambo, ingawa ya mkono bado huuzwa kwa bei inayoizidi ya mashine mara nyingi. Dishdasha nayo imebaki, tena kwa fahari, na ndiyo inayovaliwa ofisini. Hata hivyo hushonwa na mafundi kutoka India, Pakistan na Bangladesh, na kitambaa cha hali ya juu kinachopendwa kote katika Ghuba ni cha nyuzi za viwandani kutoka Japani, kisichokunjamana wala kuchakaa upesi. Kitambaa hicho hakinyonyi jasho kama pamba. Anayekivaa hupita kutoka katika gari lenye kiyoyozi hadi katika ofisi yenye kiyoyozi, na jua humwona kwa dakika chache tu kati ya milango hiyo miwili.